Lita mbili kwa dakika: hesabu ya oksijeni juu ya Everest

Ukisoma simulizi za waliopanda Everest, weka kando kwanza habari za upepo na bendera. Tafuta namba tatu: presha ya mtungi, lita zilizofunguliwa kwa dakika, na muda uliotumika njiani. Hizo zinakuonyesha nani atapata shida wakati wa kushuka, hata kabla msimulizi hajafika huko.

Mtungi wa kawaida una ujazo wa lita 4 na hujazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha presha). Zidisha, upate lita 1,200 za gesi. Regulata, kifaa kinachodhibiti gesi inayotoka, ikiwekwa lita 2 kwa dakika, mtungi unadumu saa 10. Ikiwekwa 4, saa 5 tu. Kwa kulala South Col, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita zipatazo 7,900, watu huteremsha hadi nusu lita. Namba ya kukariri ni hii: kwa lita 2, geji (kipimo cha presha ya mtungi) inashuka bar 30 kila saa.

Na inashuka hivyo hata ukiwa umesimama. Regulata nyingi hutoa mkondo uleule, uwe unapanda au unangoja foleni isogee. Saa mbili za foleni chini ya kilele ni bar 60 zilizokwenda bila kupanda hata hatua kumi.

Geji nayo ina vituko vyake. Mtungi uliosoma bar 300 kwenye joto la nyuzi 20 utasoma karibu 250 baridi ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri. Haujavuja, ni presha tu iliyoshuka kwa baridi. Asiyelijua hilo huutupa mtungi mzima.

Kuvuja kwenyewe hutokea zaidi wakati wa kubadilisha mtungi, mara nyingi pale Balcony, mahali pa kupumzikia njiani, mita 8,400 hivi, gizani, mikono imevimba kwa glovu. Pangusa theluji kwenye hesi (mizunguko ya skrubu), hakikisha oringi, pete ya kuzuia gesi isivuje, ipo mahali pake, anza kukaza taratibu ili hesi isipande vibaya, kisha tega sikio. Ukisikia "sss", fungua urudie. Usipake grisi kamwe: mafuta na oksijeni ya presha kubwa huwaka.

Adui mwingine ni pumzi yako mwenyewe. Mvuke wake huganda kwenye vali ya kutolea hewa. Tarehe 29 Mei 1953, siku Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipokuwa wa kwanza kufika kileleni, Hillary aliona Tenzing anavuta miguu, akakuta bomba la kutolea pumzi limezibwa na barafu. Kulisafisha kulitosha. Siku hiyo walipanda kwa lita 3, Hillary akipiga hesabu kichwani njia nzima. Barakoa za leo bado huganda, kwa hiyo iminye kila unapopumzika, barafu ivunjike kabla haijawa gumu.

Wapanda milima Messner na Habeler walifika kileleni bila mtungi tarehe 8 Mei 1978, lakini miili yao ilizoea hivyo tangu chini. Aliyepanda kwa lita 3 kisha mtungi ukamwishia ghafla yuko pabaya zaidi: vidole vinapoa, akili inakuwa nzito, na bado ana kamba za kushukia.

Kwa hiyo soma geji South Summit, kilele kidogo kilicho chini ya kilele chenyewe, mita 8,749. Ikisema bar 100 na huna mtungi wa akiba hapo, kwa lita 2 una saa tatu na dakika ishirini, kwenda kileleni na kurudi vikiwa ndani yake.