Nilivyopunguza joto la dirisha la magharibi bila kupoteza mwanga

Chumba tunachoshonea kofia kiko ghorofani, Jang'ombe, na upande wake wa magharibi ni alumini na kioo kitupu, kama majengo mengi mapya ya Unguja. Ikifika alasiri hakukaliki. Pazia zito haliwezekani, kwa sababu kofia ya viua inataka nuru: mshonaji anatoboa kitundu kidogo kabisa, anakizungushia uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, na jicho likikosa mwanga viua vinakwenda kombo. AC ipo, lakini ukiiwasha mchana kutwa, umeme wa Tukuza, huu wa kulipia kabla, unakwisha hujui umekwendaje.

Mwanangu anayesoma uhandisi Dar ndiye aliyenieleza habari za kioo kinachozalisha umeme na bado unaona nje. Mwaka 2014 timu ya Richard Lunt, Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan huko Marekani, ilionyesha kioo cha namna hiyo. "Mama, karibu nusu ya nguvu ya jua ni miale ya infraredi, inayoleta joto, na macho hayaioni," aliniambia. Ndani ya kioo kile kuna molekuli zinazonasa miale ya urujuanimno, nayo macho hayaioni, na ya infraredi, kisha zinaitoa tena kama infraredi ya aina nyingine, inayosafiri ndani kwa ndani mpaka ukingoni, kwenye vipande vyembamba vya seli za sola. Mwanga wa kuonea unapita zake.

Nikaona hicho ndicho ninachokitaka. Fundi wa alumini akaniambia hapa hakiuzwi, nasi tukakaa na mwanangu tukapiga hesabu. Kioo kile cha 2014 kiligeuza kiasi cha asilimia 1 tu ya nguvu ya jua. Mita moja ya mraba ikipigwa na wati 500 itatoa wati 5, yaani taa moja ndogo. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho ni kingine si kile cha Jimbo, kilifikia asilimia 8.1, ila kioo chao kilipitisha asilimia 43.3 tu ya mwanga, na kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe hiyo haitoshi. Paneli ya kawaida ya juu ya paa inafika asilimia 20, tena huku kwetu, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri liko karibu na utosi: linapiga paa, halipigi dirisha.

Basi nikaligawa jambo: joto lizuiwe dirishani, umeme utoke paani.

Fundi wa tinti alileta plastiki za aina mbili, nyeusi ya magari na nyingine angavu, karibu haina rangi, inayozuia infraredi, tukabandika kila moja kwenye kioo chake. Alasiri wanawake waliweka viganja vya mikono kwenye vioo vyote viwili, kisha kila mmoja akakaa na kofia yake. Penye nyeusi uzi haukuonekana. Ile angavu ni ghali zaidi, lakini kwa kazi yetu sikuona haja ya kujadili. Kioo kioshwe sawasawa kabla ya kubandika. Vumbi likinaswa chini halitoki tena. Fundi ananyunyiza maji ya sabuni, anasukuma kwa mpira kutoka katikati kwenda pembeni mpaka mapovu yaishe.

Kibaraza cha kivuli juu ya dirisha hakisaidii magharibi, jua la jioni linaingia kwa chini. Kwa hiyo nje nikaweka vibao vya mbao vya kulaza na kuinua, kama madirisha ya Mji Mkongwe. Kwa maoni yangu hivi ndivyo vilivyosaidia kuliko vyote, kwani joto linakomea nje kabla halijagusa kioo.

Paani nimefunga paneli mbili, zimeinama kidogo kaskazini mvua izioshe, kwa skrubu zisizoshika kutu, maana hewa ya bahari haina huruma. Zinaendesha feni, taa na cherehani. AC siku hizi tunaiwasha kwenye joto la kaskazi tu.

Na fundi wa alumini nimemwomba avifunge vioo vya dirisha kwa raba za kuchomoa, ili siku kioo angavu cha sola kitakapofika Unguja kwa bei ya watu, fremu zangu ziwe tayari kukipokea.