Nimelipa hela yangu mwenyewe kwenda kuzama kwenye theluji

Huku Finland kuna kitu kinaitwa likizo ya skii, vile vibao virefu unavyovifunga miguuni kuteleza kwenye theluji. Shule zinafungwa kwa zamu, kusini wanaanza mwezi wa pili, kaskazini wanamalizia mwezi wa tatu, na kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi nusu ya wafanyakazi hawaonekani, wote wamekimbilia Lapland, kaskazini kabisa mwa nchi. Miaka sita mfululizo mimi ndo nabaki nashika zamu zao. Mwaka huu nikasema na mimi naenda, liwalo na liwe, nikamvuta jamaa yangu mmoja Mnyamwezi wa Tabora tukachanga hela.

Hiyo hela ngoja niiseme mapema nitoe nyongo. Treni ya usiku kutoka Helsinki mpaka Kolari, vyumba vya kulala nilivyoona bei nikaweka simu chini, tukakata siti za kukaa. Usiku kucha umekaa kama uko kwenye basi la Dar kwenda Bukoba, tofauti ni kwamba hakuna anayegonga dirisha akuuzie mayai ya kuchemsha. Shingo yangu iligoma kugeuka kulia mpaka Jumatano. Kolari ndo mwisho wa treni za abiria, kaskazini zaidi ya hapo unapanda basi, na tuliposhuka asubuhi kipimajoto kilikuwa kinasoma nyuzi 26 chini ya sifuri.

Nikavuta pumzi. Vinyweleo vya puani vikaganda palepale, vikachoma.

Hapo nikamkumbuka baba mdogo. Mimi nimezaliwa Marangu, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tunaiona tukiwa uani asubuhi kama hakuna mawingu, nyeupe pee, na miaka yote ile sikuwahi kuigusa ile theluji. Watu wanadhani Mchaga anazaliwa na barafu mfukoni. Baba mdogo yeye alikuwa mpagazi, anawabebea wazungu mizigo, Mandara, Horombo, mpaka Kibo Hut, anarudi midomo imepasuka, mfukoni ana chokoleti aliyopewa, anatuambia kule juu pua inaota miiba. Sisi watoto tunacheka mpaka tunagaagaa chini ya migomba, tunajua ni chumvi tu za wapagazi. Sasa nimesimama stesheni ya Kolari, mtu mzima na ndevu zangu, pua imeota miiba.

Kijiji chenyewe kinaitwa Äkäslompolo, usiniombe nikitamke. Kiko chini ya mlima Ylläs, mita 718, kwetu hapo tungechungia mbuzi, ila wao wanauheshimu na nilikuja kuelewa kwa nini. Njia za skii zinazozunguka eneo lile ni zaidi ya kilomita 300 na kupita ni bure. Inapita mashine kubwa kama katapila inashindilia theluji halafu inachonga mifereji miwili sambamba kama reli, wenyewe wanaita latu, unaweka skii moja kila mfereji unasonga mbele. Kilicho cha bure ni njia tu lakini, skii tulikodi yuro 28 kwa siku kila mtu, na yule kijana wa dukani alivyotuangalia tulivyovaa majaketi matatu matatu akatuambia vueni mawili mtaloa jasho, sisi tukaona huyu hatutakii mema.

Kitu kilichonifurahisha ni chini ya skii. Katikati, pale unapokanyaga, kuna ukanda wa manyoya. Pitisha kiganja kutoka mbele kwenda nyuma kinateleza, kirudishe kinakwama, kama unampapasa mbuzi kinyume na manyoya yake. Hiyo ndo inakuzuia usirudi nyuma ukiwa unapanda. Nilikaa kwenye ngazi ya ile nyumba tuliyopanga nikawa napapasa tu, jamaa yangu akaniuliza wewe unabariki?

Yeye saa moja ya kwanza alianguka mara kumi na moja, nilihesabu, ya kumi na mbili hakuisubiri, akavua akaenda sauna, kile chumba chao cha kuotea joto la mvuke, na wiki nzima kwa kweli aliimalizia humo. Simlaumu.

Mimi nikaendelea, na kwenye tambarare nikawa naenda vizuri tu, nikaanza kujiona. Siku ya pili nikajiamini nikaingia njia ya msituni peke yangu, miti imebeba theluji mpaka imeinama kama mtu aliyetwishwa gunia la mahindi, kimya, unasikia fimbo zako tu zinavyolia kwenye theluji kavu. Kisha ikaja teremko. Siyo kubwa. Watoto walikuwa wanaishuka. Nilikuwa nimeambiwa ukitaka kupunguza mwendo tanua visigino uziweke skii kama pembe tatu, nikakumbuka hilo nilipokuwa nimeshafika katikati, nikatanua skii moja tu, ile nyingine ikabaki kwenye mfereji wake, mimi na skii tukaachana mawazo, nikaruka nje ya njia nikatua kwenye theluji ambayo haijawahi kushindiliwa na mtu tangu mwezi wa kumi na moja.

Sikuumia hata kidogo, ni laini kama pamba. Shida ni kuamka. Naweka mkono nijisukume, mkono unazama mpaka begani. Naweka mwingine, na wenyewe unazama, sasa nimebaki uso chini nakula theluji. Skii zimepishana huko nyuma kama mkasi. Nikajipa akili, nikasema ngoja nivue skii nisimame kwa miguu yangu kama binadamu, nikafungua moja, nikakanyaga. Mguu ukaenda, ukaenda, ukaenda mpaka kiunoni na chini sijagusa. Sasa niko nusu mtu nusu kisiki. Simu naitoa nimpigie Mnyamwezi, ilikuwa na chaji zaidi ya nusu, baridi ikaizima mkononi naiona. Na lile jasho nililokatazwa likaanza kuwa baridi mgongoni. Sitanii, niliogopa. Nilianza kuwaza tangazo la msiba litasomwaje kanisani, watu watauliza alikuwa anatafuta nini huko.

Akatokea bibi mmoja. Umri wa wale ninaowavalisha soksi kila asubuhi kazini, themanini inamnyemelea, koti jekundu la kitambo, anateleza taratibu bila kelele. Akasimama juu yangu. Hakucheka, na hilo nitamshukuru mpaka kesho. Akasema “Ei hätää,” yaani usiwe na wasiwasi. Kisha “Rauhassa. Ensin kyljelle.” Taratibu, kwanza lala ubavu.

Ndugu zangu, hiyo sentensi ni yangu. Hiyo naisema mimi. Mzee akianguka chumbani hatumnyanyui kwa nguvu, unachuchumaa unamwambia usiwe na wasiwasi, taratibu, kwanza lala ubavu, kisha piga magoti, kisha mguu mmoja, na unasubiri. Nimeisema kwa Kifini kibovu changu labda mara elfu, na sijawahi kujiuliza inasikikaje ukiwa wewe ndo uko chini. Nikwambie inavyosikika, unakuwa mpole. Nililala ubavu kama nilivyoagizwa. Akaniambia vaa hiyo skii tena, hapohapo ulipolala, maana bila skii utazama tu. Tulihangaika na ile kufuli ya kiatu dakika nyingi, vidole havina habari, yeye kaniinamia anapangusa barafu kwenye kiatu changu kwa kidole chake. Halafu akachukua fimbo zangu mbili akazilaza juu ya theluji zikapishana kama msalaba, akapigapiga pale zinapokutana. Bonyeza hapa. Nikabonyeza, na theluji ileile iliyokuwa inanimeza ikanibeba. Magoti. Mguu mmoja. Nikasimama.

Nikasema kiitos, kiitos, yaani asante, nikatamani kumwambia shikamoo na Kifini hakina. Akaniambia mbele kuna kibanda cha kahawa, kisha akashuka kale kateremko kama anashuka ngazi za kwake.

Kibandani kahawa na andazi moja yuro 8 na nusu, nikalipa bila hata kusoma risiti. Andazi lenyewe wanaliita munkki, la mviringo lina tundu katikati na sukari juu, nikauma na ndani nikakuta iliki. Wafini wanapenda iliki, vitumbua vyao vingi vya kahawa vina iliki, nilikuwa najua, ila kuijua ukiwa Helsinki umeshiba na kuiuma ukiwa umetoka kuzama ni vitu viwili tofauti. Ilikuwa harufu ya jiko la mama Jumapili, moja kwa moja. Mzee wa meza ya pembeni akaniuliza natoka Kenya? Tanzania, nikasema. Akatikisa kichwa, akasema “Boit,” kama vile hiyo inatosha. Anamaanisha Philip Boit, yule Mkenya aliyekuja kujifunza skii hapa Finland akaenda Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akashika nafasi ya 92, ya mwisho kabisa, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri kama dakika 20 pale mwisho ili amkumbatie. Yaani hata kwenye theluji majirani wameshatutangulia. Mzee akaniuliza na mimi ni mwanariadha, nikamwambia hapana, mimi ni wa kuzama.

Siku zilizobaki sina la kusimulia. Ile mianga ya kijani angani tuliiona usiku mmoja, dakika chache, picha hazikutoka. Tulijaribu na viatu vya theluji, vile vipana kama ungo unaovifunga chini ya buti, na hivyo hata Mnyamwezi alivipenda maana ni kutembea tu kama bata. Ila tukavitumia kukatisha juu ya latu, tukakanyaga ile mifereji, akaja mwanamume na skii zake akasimama akaangalia nyayo zetu, akatuangalia sisi, akapumua kwa nguvu akaenda zake. Jamaa yangu akasema bora angetutukana. Tukarudi kwenye njia yetu tukakoka moto kwenye kibanda cha hifadhi, kuni zimepangwa pale ni bure kwa anayepita, kwetu ukikutwa na kuni za hifadhi utaeleza vizuri.

Jumapili ndani ya treni nikampigia baba mdogo. Siku hizi magoti hayamruhusu hata kwenda sokoni. Nikamwambia baba, samahani, ile miiba ya puani ni kweli, nimeipata. Akafurahi sana. Akauliza nilipanda mpaka wapi, nilibeba mzigo wa kilo ngapi, chakula kilikuwepo cha kutosha, kisha akauliza walikulipa shilingi ngapi?

Nikamwambia hawakunilipa, nililipa mimi. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Halafu nikamsikia anamwita mama mdogo aje asikie, na anacheka mpaka anakohoa.