Ngumi zinaanza saa ngapi

Hii ilikuwa 2011, Mbagala, mwaka ule wa mgao mkali wa umeme kama mnakumbuka. Tulikuwa nyumba moja mimi, mama, kaka na mkewe na mtoto wao wa miaka sita, kaka mwenyewe dereva wa lori, nyumbani anapita tu kubadilisha nguo.

Jioni moja TBC1 wakaweka ile tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya yule dada Doudou na wakwe zake. Mtoto kuona tu Wachina akakimbilia mbele ya tivii, akakaa chini akakunja miguu, anasubiri. Dakika kumi, ishirini, watu wanakula tu na kununiana. Akanigeukia, "Ba mdogo, ngumi zinaanza saa ngapi?"

Nilicheka ila kosa langu, maana zile sidii za kung fu nilimzoesha mimi. Na mi nililelewa nazo, kibanda umiza cha kuonyeshea video, shilingi hamsini, benchi la mbao, jasho, sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, juu ya picha, na sheria moja tu, steringi hauawi. Kwenye picha zile Mchina hana familia bwana. Ana mwalimu mwenye ndevu nyeupe, ana maadui, na kama ana mama basi huyo mama anauawa mwanzoni kabisa ili mtoto apate sababu ya kulipa kisasi. Sijawahi kuona steringi anaambiwa na mama yake nenda kakojoe ulale.

So siku mainjinia Wachina wa barabara walipokuja mtaani kwetu tukawa tunawafuata nyuma na makelele ya Bruce Lee. Mmoja alikuwa katoka kununua nyanya, mfuko wa rambo mkononi, tukamzunguka tunamkunjia ngumi tunataka aruke. Hakuruka. Alikumbatia nyanya zake akapita harakaharaka, na sisi tukaambiana huyu anajificha tu, mabingwa huwa hawajionyeshi. Ule uso nikiukumbuka leo, yule mtu alikuwa anaogopa watoto.

Sasa turudi sebuleni. Doudou ni nesi, na mumewe wazazi wake waliachana afu baba akaoa tena, kwa hiyo binti wa watu anajikuta na mama wakwe wawili. Mama kusikia hivo akaweka chini ungo wa mchele aliokuwa anachagua.

"Wawili?" Akamgeukia shemeji. "Umeona mwenzio? Ana wawili na kazini anaenda. We mmoja tu, umeninunia toka Jumapili."

Shemeji mtu mpole sana, sijui siku hiyo alikula nini. "Mama, wale hawafunui masufuria ya mtu kuonja chumvi."

"Sufuria nimenunua mimi!"

Bas ikawa ndo hivo, mkwe wa kwenye tivii akiongea mama anaitikia "kweli kabisa", Doudou akijibu shemeji anaguna kwa chini "mwambie huyo", wanagombana kupitia Beijing na mi niko katikati najifanya nasoma gazeti. Ila nikagundua kitu, toka waanze hakuna aliyesema "hawa Wachina". Mama ambaye kwake mchina lilikuwa jina la simu, ile inayopiga kelele kama spika ya daladala na betri haifiki jioni, sasa anasema "huyu mama", "huyu mwanamke mwenzangu". (2013 rais wao Xi Jinping alipokuja Dar akaitaja tamthilia hiyohiyo kwenye hotuba, mama akauliza kwa dhati kabisa, kumbe na yeye aliangalia? Alikuwa upande wa nani?)

Afu mkwe akatoa neno zito, Doudou akageuka, akafungua mdomo amjibu, pu, giza.

Kila mtu akaenda kulala amenuna. Mtoto nilimbeba keshasinzia, ngumi hakuziona.

Umeme ulirudi saa kumi alfajiri, tivii hatukuizima, ikawaka kwa sauti yote nyumba nzima ikashtuka. Nikamsikia mama anatoka chumbani, na shemeji anatoka kwao, wakakutana sebuleni kuizima. Kimya kidogo. Afu mama, sauti ya chini, "Kwani yule alimjibuje mkwe wake?"

"Sijui mama. Kukikucha ntamuuliza jirani, wao wana jenereta."

"Muulize mapema, kabla hajaenda sokoni."