Mshale ambao hakuna aliyeuchora

Jumatano, usiku

Somo la mifumo ya udhibiti linaninyima usingizi mhula huu, lakini leo limenilipa. Mwalimu aliandika ubaoni milinganyo miwili ya mota ya DC (ya umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri): mmoja wa umeme, wenye volti, ukinzani na induktansi; wa pili wa mitambo, wenye torki (nguvu ya kuzungusha), inersia na msuguano. Akatuachia kazi ya kuichora kwa bloku, yaani visanduku vinavyounganishwa kwa mishale. Nilipounganisha pande mbili, mshale mmoja ukarudi nyuma wenyewe. Mota ikizunguka huzalisha volti yake, inayopinga ile tunayoipa. Kasi ikipanda, mkondo hupungua. Ukiielemea, kasi hushuka, volti hiyo pinzani hupungua, mkondo huongezeka na torki hupatikana. Kumbe kabla hatujafunga kidhibiti chochote, mrejesho hasi, yaani tokeo linalorudi kujipunguza lenyewe, umo humo ndani tayari!

Sasa naelewa kwa nini fundi anayesuka mota mtaani kwetu husema mota iliyokwama haichelewi kuungua. Haizunguki, kwa hiyo haipingi chochote. Kinachozuia mkondo ni ukinzani wa waya tu. Mota za AC za mashine za kusaga zina mambo yake, ila nazo zikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida, na taa za majirani hufifia.

Mchana tulifunga kidhibiti cha PID, kinachosahihisha kasi kwa njia tatu: P hufuata kosa la sasa, I hujumlisha makosa yaliyopita, D hufuata jinsi kosa linavyobadilika. Kwa P peke yake, nikibana shafti kwa vidole kasi inashuka na haifiki tena pale tulipoiagiza. Ukizidisha P, mota inatetemeka na kunguruma. Tulipoongeza I, nilisikia shafti ikikazana kidogo kidogo dhidi ya ngozi yangu, hadi kasi ikarudi palepale, vidole vikiwa bado vimebana. Nimeipenda hiyo I. D sina hamu nayo: inakuza kelele za sensa hadi grafu haisomeki.

Ijumaa kuna jaribio la jedwali la Routh, la kupima kama mfumo utatulia bila kutatua mlinganyo wake. Huyu Routh alimshinda Maxwell, yule mwanafizikia, katika mtihani wa hisabati Cambridge mwaka 1854, yeye wa kwanza, Maxwell wa pili. Mwaka 1868 Maxwell akaandika kuhusu uthabiti wa vidhibiti kasi vya injini, akakwama kwenye milinganyo ya daraja la juu. Routh akaja kuimaliza mwaka 1877. Mimi ya daraja la nne bado inanitoa jasho, hasa safu nzima ikigeuka sifuri.