Siku moja Keko, Dar es Salaam: nikitafuta sheria zinazonihusu

Saa 12 asubuhi. Nafungua karakana. Mteja anataka meza 12 za ofisi, ila kasema bila cheti cha usajili wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, hanipi kazi. Mimi na mafundi sita chini ya mabati, OSHA inatujuaje?

Saa 2. Jirani yangu, mzee wa makochi, namwamkia, anaitikia marahaba kisha ananicheka. “Mwanangu, hayo ni ya viwanda.” Kwa enzi zake hakukosea, ile sheria ya mkoloni ilikuwa ya viwanda kweli. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, iliifuta, na sasa inasema “mahali pa kazi”. Banda langu limo.

Saa 3. Sasa kanuni ipi inanihusu? Nikaacha kusoma, nikazunguka na daftari kuandika kila kinachoweza kumuumiza mtu. Mkanda wa mota uko wazi. Kopo la thina limekaa hatua mbili kutoka jiko la chai (jiko langu mwenyewe, naona aibu). Vumbi la mninga mpaka kwenye kope. Msumeno wa mezani hauna kifuniko. Tulikitoa mwaka juzi kwa kuwa “kinachelewesha”. Nikakikuta kona ya nyuma kimepinduliwa, kimejaa misumari.

Saa 5. Ukiwa na wafanyakazi zaidi ya wanne, lazima uteue kwa maandishi mwakilishi wa usalama na afya. Wote wakamgeukia fundi ambaye ncha ya kidole chake iliondoka na msumeno huohuo. Akakubali, hakucheka.

Saa 8, baada ya foleni, niko mbele ya ofisa wa OSHA. Hakuuliza nauza nini. Aliuliza: mko wangapi, mashine zipi, mnapuliza nini? Kila jibu likavuta kanuni yake: kwa vumbi, barakoa na kupima afya za mafundi, kwa mashine, vifuniko na ukaguzi. Kwa mitungi ya kuzimia moto, nikawaone Zimamoto pia. Michango ya fidia inakwenda WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nayo hulipwa na mwajiri; usithubutu kumkata fundi.

Saa 11 jioni. Kifuniko kimerudi, boliti mbili mpya. Tukapitisha ubao mmoja. Kweli, unakwenda polepole. Fundi mdogo kasimama na misumari viganja viwili.

“Bosi, na hii tuiweke wapi sasa?”