Baridi ya Mwanza ilivyonilaza bandani na mbwa

Mwambie mtu wa Njombe kwamba Mwanza kuna baridi uone atakavyokucheka. Shemeji yangu wa Makambako alicheka mpaka simu ikakatika. Sawa, lakini mtoto wa mbwa wa siku mbili Njombe haijui. Mwili wake haujaweza kujitunzia joto, hata kutetemeka bado, na ule upepo wa alfajiri ya Julai unaoteremka mawe ya Mabatini kuelekea ziwani unatosha kummaliza.

Malkia, mbwa wetu, alizaa saba kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba. Usiku wa kwanza tukapoteza mmoja. Nikanunua blanketi la mtumba, elfu tatu au nne hivi, asubuhi nikakuta limelowa mkojo, watoto wamelalia ubaridi mtupu.

Ndipo mzee jirani akanishauri: "Ng'wanawane (mwanangu), weka jiko la mkaa tu. Sisi tunafanya hivyo miaka yote."

Nikaweka. Nikashusha na gunia mlangoni joto lisitoroke, nikajiona mhandisi, nikaketi humo humo kulinda. Punde kichwa kikawa kizito kama nimevishwa debe. Nikadhani njaa, wakati nimetoka kumaliza ugali na sato, sahani mbili. Malkia akakwaruza gunia, akambeba mtoto mmoja kwa shingo, akaenda kumweka kwenye karai la kufulia uani. Nikamrudisha. Akamtoa tena. Nikarudisha. Tulishindana hivyo hadi miguu ikaniishia nguvu pale mlangoni, na mke wangu akanikuta nimekaa chini natapika, karai limejaa mbwa sita.

"Baba Neema, huyu mbwa amekuzidi akili."

Hewa ya mkaa haina rangi wala harufu, inakulaza kimyakimya. Mzee alipoulizwa akasema labda mkaa wangu ulikuwa mbaya.

Dawa ilikuwa inatutazama siku zote: jiwe. Nyuma ya nyumba kuna jabali refu kupita paa, upande wake wa magharibi unapigwa jua tangu adhuhuri hadi jioni, na saa nne usiku ukiliegemea bado mgongo unapata joto. Nikahamishia banda hapo, jabali likawa ukuta wa nyuma na kinga ya upepo. Chini matofali, juu yake mbao, kisha maranda ya bure kutoka kwa seremala, yanabadilishwa kila siku. Kufika usiku wa manane jiwe linapoa, kwa hiyo naingiza kidumu cha lita tano cha maji ya moto, nimekivisha sweta langu la zamani. Kidumu kinakaa pembeni, siyo katikati, ili atakayeona joto limezidi asogee.

Mdogo wao siku moja alipoa kabisa, na binti yangu alikuwa ameshashika bomba la sindano lenye maziwa. Bahati nilikuwa kwenye simu na daktari wa mifugo, akapiga kelele: mpashe joto kwanza, tumbo la mtoto aliyepoa halisagi kitu! Nikamtia ndani ya shati, ngozi kwa ngozi, karibu saa nzima. Nilijua amepona aliponikojolea.

Wiki ya nane mzee akaja kuomba dume. Nikampa, kwa sharti kwamba jiko lake libaki jikoni.