Jinsi nilivyootesha mindimu kwa mbegu nyumbani

Mndimu wa shangazi yangu kule Muheza ulikuwa umezeeka, na kwa kuwa ndimu zake zilikuwa na ngozi nyembamba na maji mengi, niliazimia kuupata mti wa uzao huohuo hapa kwetu Tanga mjini. Mwaka 2019 nilisia mbegu mara mbili bila kuota hata moja, kwa sababu nilizianika juani kwanza kama tunavyoanika mbegu za mchicha, ilhali mbegu za jamii ya michungwa zikikauka hufa. Mara ya tatu nilichukua ndimu zilizoiva hadi kuwa manjano, nikaziosha mbegu mpaka utelezi ukaisha, nikazisia siku ileile kwenye viriba vyenye udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri.

Baada ya wiki tatu hivi niliona jambo ambalo bado hunifurahisha: mbegu moja ilitoa miche miwili, nyingine mitatu. Mbegu ya ndimu hubeba viini kadhaa, na vingi kati yake hutokana na mti mama peke yake bila mchango wa chavua, ndiyo maana mndimu wa mbegu kwa kawaida huzaa ndimu kama za mama yake, tofauti na mparachichi. Nilibakiza mche wenye nguvu katika kila kiriba na kuikata midhaifu kwa mkasi, kwa kuwa kuing'oa kungetikisa mizizi ya uliobaki.

Michache iliangushwa na kinyausi, shina likioza pale linapogusana na udongo, hadi nilipoacha kumwagilia jioni. Usumbufu mkubwa zaidi ulitoka kwa viwavi wa kipepeo wa michungwa, ambao wakiwa wadogo hufanana kabisa na kinyesi cha ndege, kisha hugeuka kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili za rangi ya machungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Sikupuliza dawa yoyote. Kila asubuhi nilikagua majani machanga na kuwaokota kwa mkono.

Mche mmoja niliuhamishia uani ulipofika kimo cha goti. Una miiba mirefu kuliko ya mti wa Muheza, kama ilivyo kawaida ya miti ya mbegu. Ulichanua mwaka 2023, na ndimu zake za kwanza, kumi na moja, nilimpelekea shangazi.